Mkate Uliungua, Nami Nikausifia

Mpendwa mshauri,

Kwa heshima zote, kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya waokaji wote wa nyumba hii, walio hai na waliotangulia, natangaza rasmi kwamba juzi asubuhi mkate mmoja uliungua, ukaungua chini, ukaungua juu, ukaungua na ubavuni, na kwamba mimi, mwokaji ambaye siku hizi naitwa mzee hata na watu wenye mvi nyingi kuliko mimi, niliuinua mkate huo mpaka puani, nikafumba macho kama bingwa, nikavuta pumzi ndefu, nikasema, "Hapo umepatia, Bosi. Unanukia kama wa siku ile ya kwanza."

Sasa naomba msaada, maana tangu tangazo hilo nyumba yetu imepoa, nami nimo chumbani, mlango nimeufunga, na sijui tena kama humu ndani mimi ni mgonjwa, mwoga, au fanicha.

Nianze mwanzo. Mimi naoka mikate. Nyumba yetu mbele ni duka, katikati ni tanuri, nyuma ni vyumba vya kulala, na Bosi ninayemtaja ni mke wangu, ambaye husimama kaunta na anajua mteja gani anataka mkate wa jana akasema ni wa mgonjwa kumbe ni wa kwake, na mimi hukaa nyuma kwenye moto, na kati yetu kuna kidirisha cha kupitishia trei, kiasi kwamba katika ndoa yetu nimeuona mkono wake wa kulia kuliko uso. Mwenye tanuri hasa ni mama mkwe, aliyeoka kabla yetu mpaka kifua kikamkatalia, kwa kuwa ana pumu, na siku hizi huketi kwenye kiti chake ukumbini akaiendesha nyumba kwa macho na mdomo. Ni mtu mwema sana. Nikifanya vizuri huniita "mwanangu," nikikosea huniita "mume wa binti yangu," na kwa sasa nimekuwa mume wa binti yake kwa muda mrefu.

Tanuri letu ni la kuni, halina saa wala namba, lina hasira tu. Leo linaivisha upesi, kesho linanuna. Mikate yetu huiva kwa pua. Sijisifu, mshauri, ni hicho tu nilichojaliwa. Sura nilinyimwa, sauti nilinyimwa, na mke wangu husema nikicheza muziki utadhani mguu mmoja ni wa kuazima, lakini pua nilipewa. Naweza kuwa uani nabishana na muuza kuni, nikaacha neno nusu mdomoni nikakimbia ndani, kwa sababu harufu imegeuka, na wakati huo ndio wakati wenyewe, ukichelewa kidogo umeharibu.

Basi ikapita mtaani homa hii ya kifua inayoambukiza, ikanipitia na mimi. Muuguzi wa zahanati alinipima, akasema nina ugonjwa wenyewe, nikae peke yangu. Sikubisha, kwa ajili ya kifua cha mama mkwe. Nikaingia chumba cha nyuma kilichokuwa cha watoto kabla hawajaolewa na kuoa, kwenye kitanda ambacho nikinyoosha miguu kinaniambia "mjomba, mwisho wa safari," na mke wangu akaweka stuli nje ya mlango ya kuniwekea chakula, akaniambia kwa ukali alionao akiwa na huruma, "Ukifa humo sitakusamehe." Homa ikaja ikanitetemesha, kikohozi kikanipiga ngumi, harufu ikaondoka, ladha ikaifuata harufu kama mkia, halafu taratibu homa ikaisha na kikohozi kikalegea. Nikampigia muuguzi simu. Akaniuliza, "Siku nzima imepita bila homa? Na humezi dawa ya kuishusha? Na unajiona nafuu?" Nikasema ndiyo, ndiyo, na ndiyo. Akasema, "Basi toka. Vaa barakoa siku chache, fungueni madirisha, na mama mwenye pumu umkalie mbali kidogo."

Nikafungua mlango, nikachomoza kichwa kama kobe. Mama mkwe alikuwa ukumbini. Hakusema pole, hakusema karibu. Aliuliza neno moja.

"Pua?"

"Bado, Mama."

"Basi rudi, mume wa binti yangu."

Hapa lazima nikueleze, mshauri, maana wewe si wa ukoo wa mikate. Katika nyumba hii ipo sheria aliyoiweka mama mkwe tangu enzi zake, kwamba mwokaji aliyeugua mafua hasogelei unga mpaka asikie harufu ya hamira, na akishaisikia ndipo amepona, na mpaka hapo ni mgonjwa hata kama anaweza kubeba gunia. Sheria hiyo imetutunza sisi na wateja wetu miaka yote. Nikarudi.

Kuanzia hapo kila asubuhi mke wangu huniletea kipande cha mkate, anakiweka kwenye stuli, anagonga, anasogea kule mwisho wa ukumbi, nami nafungua kidogo, nakinusa, naye anauliza, "Unasikia?" nami nasema, "Sisikii." Ndiyo mazungumzo yetu. Na nikuambie kitu kinachoniuma roho. Vipande hivyo huja vimekatwa maganda yote, pande zote nne, vyeupe kama vya mtoto anayeota meno. Mwanamke huyu, anayeamka sasa kabla ya kuku kwa ajili ya kazi yangu na kazi yake, bado anapata muda wa kunikatia maganda. Halafu macho yake ni mekundu. Nayaona kule mwisho wa ukumbi, mekundu kila asubuhi, na sauti imekauka, na amenisokotea kitambaa chenye maji chini ya mlango, anasema ni kwa ajili ya vijidudu. Ananililia, mshauri, na mimi niko hapa sina homa.

Kwa upande wa kazi, mambo yanakwenda vizuri bila mimi, na hilo pia nitakuja kulisema. Dirisha langu linatazama kichochoro anakokaa fundi viatu, rafiki yangu, na kila siku hunisabahi kwa kuuliza kama bado sijafa. Siku moja nikamuuliza, "Mikate yetu mnaionaje siku hizi?"

Akageuza kiatu mkononi. "Inadumu," akasema.

"Inadumu vipi?"

"Mmoja unanitosha wiki."

Nikamwambia hiyo ndiyo siri ya unga mzuri. Akasema, "Pole sana, ndugu yangu," nikamwambia nashukuru, ninaendelea vizuri. Akaongeza kwamba kuku wa jirani wamenenepa, sijui kwa nini alinipa habari hiyo.

Sasa nafika penyewe. Tangu nilipoambiwa na muuguzi kwamba naweza kutoka, mama mkwe ameanza kukohoa. Namsikia. Anakohoa asubuhi zaidi, kikohozi kikavu, anatulia mchana, kesho yake tena. Nikisikia najikunja kwenye kitanda kifupi na kujiuliza kama ni ile mara nilipochomoza kichwa, au ni stuli, au sahani, au ni hewa tu iliyopita juu ya kile kitambaa, na kama mwanamke aliyenipa binti yake na tanuri lake nitakuwa nimemlipa kwa kumziba pumzi. Na wakati huohuo nimemkumbuka mke wangu mpaka nimeanza kuukumbuka ule mkono wake wa kidirishani, wenye alama ya kuungua kwenye kidole gumba. Kwa hiyo juzi, alipogonga na kuuliza "Unasikia?" nilichoka kusema sisikii. Nikafumba macho, nikasema yale niliyoyasema. Kisha nikafumbua macho. Kilikuwa kipande chenye maganda yake yote, na maganda yote yalikuwa mkaa.

Alinitega, mshauri. Ni binti wa mama yake. Alichoma mkate makusudi ajue kama nadanganya, na nilidanganya, na hakusema kitu ila "Haya," akaenda zake. Jana kipande kililetwa lakini swali halikuulizwa.

Ukweli wote ni huu, ndiyo maana nimekuandikia wewe badala ya daktari. Naogopa kutoka kwa sababu ya kifua cha mama, hilo ni kweli kabisa, lakini lipo na la pili nililolificha nyuma ya hilo. Humu ndani mimi ni mgonjwa, na mgonjwa hudaiwa kupona tu. Nikitoka nitakuwa mwokaji asiye na pua, katika nyumba ambayo imeshajifunza kuoka bila mimi. Je, nitoke? Na nikitoka, nitoke kama nani?

Wako,
Mwokaji wa chumba cha nyuma

*

Mwokaji,

Pole kwa homa, pole kwa pua, na pole kwa miguu inayoning'inia kitandani. Pole zangu zimeishia hapo. Sasa kaa vizuri unisikilize.

Umenitumia maswali mawili uliyoyakanda kwenye beseni moja, na wewe kwa kazi yako ungepaswa kujua kwamba si kila kitu hukandwa pamoja. Swali la kwanza ni kama bado unaambukiza. Hilo uliulizwa na muuguzi, ukajibu ndiyo mara tatu, akakuambia toka. Pua haimo katika maswali yake. Ugonjwa wa namna hii waweza kuondoka, ukaacha pua imelala wiki nyingi, hata miezi, na mtu akawa haambukizi tena. Sheria ya mama mkwe wako naiheshimu, kwa mafua ya kawaida yenye makamasi ilifaa sana, lakini ugonjwa huu haukuzaliwa katika nyumba yenu na hauijui sheria yenu. Unachotakiwa kukitazama ni homa, bila dawa ya kuificha, na kama kila siku unajiona afadhali kuliko jana. Kikohozi kidogo chaweza kubaki nyuma kikifunga milango. Homa ikirudi, au ukiona unazidiwa badala ya kupata nafuu, rudi chumbani na usibishane na mtu. Na pumzi ikikuwia nzito, hapo ni zahanati moja kwa moja, si gazeti.

Sasa mama. Hapa nimekasirika, na nataka uone nimekasirika. Mzee mwenye pumu anakohoa kila asubuhi ukumbini, na wewe umelala nyuma ya mlango unahesabu makosa yako! Kujilaumu si dawa ya kikohozi. Kama umemwambukiza, anahitaji kuonwa leo. Kama hukumwambukiza, anahitaji kuonwa leo. Mpelekeni zahanati, asikilizwe kifua, apimwe, muache kubahatisha. Mambo ya nani alimwambukiza nani mtayazungumza mkishajua kama kuna aliyeambukizwa.

Swali lako la pili ndilo lililokuweka kitandani. Nimeisoma barua yako mara mbili, tena miwani ikiwa safi. Umemwambia mkeo "sisikii." Umemwambia "umepatia." Hakuna mahali popote ulipomuuliza swali. Unasema aliuchoma mkate makusudi ili akutege, umemuuliza? Unasema macho yake ni mekundu kwa kukulilia, umemuuliza? Unasema anaoka vizuri bila wewe. Hilo umelipata kwa fundi viatu, na kwa nilivyosikia mimi, fundi viatu wako hakusema hivyo hata kidogo. Mimi mkate nanunua dukani na sijui lolote la tanuri, lakini mtu akiniambia mkate mmoja unamtosha wiki, simpongezi mwokaji.

Na wewe mzee mzima, mwanamke anabeba kazi mbili na bado anasimama na kisu kukukatia maganda, halafu unaliandikia gazeti kwamba hakuhitaji? Jamani.

Basi fanya hivi. Kesho asubuhi toka. Vaa barakoa, fungua kila dirisha linalofunguka, na kwa siku chache kula peke yako uani na umwamkie mama kwa mbali. Heshima haipungui kwa kupunga mkono. Usisimame peke yako kwenye moto, maana asiyesikia harufu hasikii moshi wala kitu kinachoungua nyuma yake. Kila siku nusa vitu viwili vitatu vyenye harufu kali, limau, karafuu, sabuni, polepole, ukikumbuka vilivyokuwa vinanukia. Pua nyingine huamka kwa kubembelezwa. Ikikawia sana, mwone daktari wa pua.

Lakini kabla ya limau na karafuu, nenda kwa mkeo. Usiseme naye kupitia mlango wala kidirisha, nenda uso kwa uso, hatua chache kati yenu. Mwambie, "Bosi, sisikii harufu, na naogopa." Kisha nyamaza. Najua utatamani kuongeza utani. Usiongeze.

Mshauri

*

Mwokaji ameandika tena, na ametuomba tuichape barua yake kama ilivyo, kwa kuwa, anasema, mtaani kwao zimeanza kuzunguka habari za ushujaa ambao hakuufanya.

Mpendwa mshauri,

Watu wanasema nilitoka chumbani, nikaingia kwenye moto, nikaokoa duka. Haya ndiyo yaliyotokea kweli.

Nilitoka nikajikwaa kwenye kile kitambaa cha maji. Nilipojishika ukutani mkono wangu ukarudi mweusi. Nikatazama juu. Dari ya ukumbi ilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria, madirisha yote yalikuwa wazi tayari, na mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, kitambaa puani, akinitazama kama mtu aliyesubiri basi mpaka akaacha kulitarajia.

"Pua?" akauliza.

"Haijarudi, Mama."

"Najua haijarudi. Ingekuwa imerudi ungetoka siku nyingi, unapiga kelele." Akakohoa.

"Mama, nisamehe. Ni mimi niliyekuambukiza?"

"Wewe?" Akacheka mpaka akakohoa zaidi. "Wewe utamwambukiza nani, umejifungia kama sukari ya wageni! Ni huyo mkeo. Wakubwa walisema pafukapo moshi pana moto. Humu pafukapo moshi pana binti yangu."

Mshauri, mikate ilikuwa inaungua. Si ule mmoja tu. Ilikuwa ikiungua kila siku, tangu nilipougua, trei kwa trei. Mtaa mzima ulikuwa unajua, kwa sababu mtaa mzima una pua. Fundi viatu alikuwa ameapishwa asiniambie. Kuku wa jirani walikuwa wanakula kazi ya mke wangu, ndiyo maana wamenenepa. Na yale maganda aliyonikatia kila asubuhi, niliyoyatungia mashairi moyoni, yalikuwa yanakatwa kwa sababu yalikuwa makaa.

Nikaenda kwenye tanuri, nikasimama kwenye mlango wa uani ambako upepo unapita, barakoa usoni. Alikuwa amenipa mgongo. Alipogeuka, uso ulikuwa nusu unga na nusu masizi, na macho mekundu yale yale. Nikasema maneno yako kama ulivyoyaandika, nikanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikokuwa kugumu.

"Mimi harufu nasikia," akasema. "Nasikia kutwa, mpaka kwenye nywele. Ila sijui inasema nini. Nasikia harufu ya mkate, nasema ngoja kidogo, nikirudi imekuwa harufu ya msiba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungetoka. Mimi nakujua. Ungetoka na homa yako ukasimame kwenye moto. Nikakusokotea kile kitambaa, nikasema pua ikizinduka kabla mwili haujapona, usisikie moshi ukakurupuka. Halafu homa ikaisha, nikaona aibu. Miaka yote nauza mikate, sijui kuoka hata mmoja!"

"Lakini kila asubuhi ulikuwa unaniuliza kama nasikia."

"Nilikuwa naomba usikie," akasema, "na naomba usisikie."

Nikamuuliza, kwa kuwa uliniambia niulize, habari za ule mkate wa mtego. Alishangaa. Mtego gani? Siku hiyo alisinzia amesimama. Katika trei zote ule ndio uliokuwa afadhali, na haukuwa na ndani ya kukata, wote ulikuwa ganda.

"Na niliposema umepatia?"

"Nilijua unanidanganya." Akajifuta uso, akazidi kujipaka. "Lakini tangu uugue hakuna aliyenisifia. Nikaenda nyuma ya duka nikaufurahia uongo wako kidogo."

Siku hiyo hiyo alimpeleka mama zahanati, duka likafungwa, na wateja hawakulalamika kama ningependa. Mama hakuwa na homa, hakuwa na ugonjwa wangu. Ilikuwa pumu yake imechokozwa na moshi. Alipewa dawa ya kuvuta, tukaambiwa tumtoe kwenye moshi. Sasa kiti chake kiko kichochoroni karibu na fundi viatu, ambapo anamwelekeza namna ya kushona, na fundi viatu ananiomba kwa machozi nioke vizuri haraka ili arudishwe ndani. Ile sheria ya pua hakuifuta. Amesema itabaki, ila kwa mafua, na kwamba ugonjwa huu haukuwa na adabu.

Kwa upande wa kuoka, tulianza asubuhi iliyofuata. Mimi mlangoni pa uani, barakoa usoni, yeye kwenye tanuri.

"Inanukiaje?"

"Kama unga."

"Mbichi au wa kukaanga?"

"Mbichi."

"Bado. Sasa?"

"Kama... shati linalopigwa pasi."

"Inakaribia. Usiende popote."

"Sasa kama karanga. Karanga zinazoanza kubadilika rangi."

Hapo ndipo ungetarajia niseme "Toa!" Mtaani wanasema nilisema, na mkate ukatoka kama dhahabu. Sikusema. Miaka yote hiyo sijawahi kumwona mke wangu akinusa mkate. Alikuwa amefumba macho, ameinua kidevu, anautafutia harufu neno kwa ajili yangu, na masizi ya jana yapo bado nyuma ya sikio, nami nikawa namtazama. Alipofumbua macho na kuuliza, "Sasa je?" ubavu mmoja wa mkate ulikuwa umeshaungua.

Tukampelekea mama kipande huko kichochoroni, nikakiweka kwenye sahani nikarudi nyuma. Alikigonga kwa kidole, akakigeuza upande ulioungua, akakitazama sana.

"Nani kaoka?"

"Sisi, Mama," tukasema kwa pamoja.

"Inaonekana, mwanangu," akasema, na sikujua kati yetu anamwambia nani. Akakila chote, na maganda yake.